Sura ya Tano: Mtoto Mzima Ndiye Kipimo

Mwaka 1974 David Lee na mwenzake Aronson, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, walichapisha habari za chumba kisichoshikana na sakafu yake. Kuta tatu na dari ziliunganishwa zikaning'inizwa, zikawa zinaweza kusukumwa mbele na nyuma, na chini yake ilikuwapo sakafu ya kawaida iliyotulia tuli. Watoto wa miezi 13 hadi 16, waliokuwa ndiyo kwanza wamejua kusimama, waliwekwa humo wakiutazama ukuta wa mbele. Ukuta ulipowajia, waliyumba kwa nyuma, wengine wakakaa kitako pu! Ukuta ulipowakimbia, waliinamia mbele, wengine wakaanguka kifudifudi. Sakafu haikutikisika hata kidogo.

Masikio ya watoto hao yalisema kweli: mwili umetulia, kichwa hakijaenda popote. Nyayo zao nazo zilisema kweli. Macho peke yake ndiyo yaliyodanganywa, na watoto wakayaamini macho.

Jaribio hilo linaonyesha ugumu wa kazi yote inayoelezwa katika sura hii. Mtoto anapoyumba mbele ya daktari, yako maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza: je, kiungo cha msawazo kilichomo ndani ya sikio kinafanya kazi? La pili: je, ubongo wa mtoto huyu umekwisha jifunza kukitegemea kiungo hicho? Kwa mtu mzima maswali haya hukaribiana. Kwa mtoto wa miaka minne yako mbalimbali sana, na daktari asiyeujua umbali huo anaweza kumwita mgonjwa mtoto asiye na kasoro. Baya zaidi, anaweza kumrudisha nyumbani mtoto ambaye masikio yake hayana msawazo kabisa, akamwambia mama, "Usijali, atakua tu." Hakuna njia ya kuliepuka kosa hilo isipokuwa kuwapima kwanza watoto wenye afya, wengi, wa kila umri, na kuandika kwa uangalifu wanachoweza na wasichoweza.

Kiungo chenyewe kimefichwa vizuri. Kimo ndani ya mfupa wa fuvu ulio mgumu kuliko mifupa mingine yote ya mwili. Sehemu yake yenye umbo la konokono ni ya kusikia. Sehemu iliyobaki ni ya msawazo. Iko mifereji mitatu ya nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, na kazi yao ni kupima mizunguko ya kichwa: unapoitikia ndiyo, unapokataa, unapokilaza kichwa begani. Imejaa majimaji. Ukizungusha kata ya maji ghafla, kata huenda na maji hubaki nyuma kidogo. Ndivyo yanavyobaki nyuma majimaji ya mfereji kichwa kinapogeuka, na kule kubaki nyuma hupinda vinyweleo vya seli zinazopeleka habari kwenye ubongo. Kando ya mifereji kuna vifuko viwili, utrikula na sakula. Ndani yake zimetandazwa chembe ndogo mno za kalisiamu kaboneti, madini yaleyale ya chokaa. Kwa kuwa chembe hizo ni nzito kuliko majimaji yanayozizunguka, huvutwa chini na mvutano wa dunia, na husukumwa nyuma daladala inapong'oka kituoni. Kwa vifuko hivi mtu hujua, hata akiwa gizani, juu ni wapi na chini ni wapi.

Mitambo hii hukamilika mapema kupita kiasi. Neva inayobeba habari za msawazo ni miongoni mwa za kwanza kabisa mwilini kupata ala yake ya mafuta, mimba ikiwa bado haijafika mbali kupita nusu. Kichanga kikiachiwa kichwa kishuke ghafla kidogo mkononi mwa mkunga, hutawanya mikono kisha huikunja kama anayetaka kukumbatia. Mshtuko huo, ambao unajulikana kwa jina la daktari Ernst Moro, unategemea kwa sehemu sikio la ndani. Kwa hiyo mtoto huzaliwa na kiungo kilicho tayari, ila kukitumia huchukua miaka mingi. Yaliyobaki katika sura hii yote yamejengwa juu ya tofauti hiyo.

Wazo la kumsimamisha mtu mwenye afya kando ya asiye nayo ili tofauti ionekane lina umri mkubwa katika taaluma hii. Mwaka 1882 William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Harvard, alichapisha matokeo ya kuwazungusha viziwi, wengi wao wanafunzi wa shule za viziwi za Marekani. Kati ya watu 519, 186 hawakupata kizunguzungu hata chembe. Hesabu hiyo isingekuwa na maana kama James asingefanya jambo la pili: aliwazungusha pia wanafunzi na walimu wa Harvard wenye kusikia, karibu 200, na ni mmoja tu kati yao aliyebaki bila kizunguzungu. Hapo ndipo ikabainika kwamba maradhi yanayoua usikivu mara nyingi huua na msawazo, na kwamba kizunguzungu tunachokilalamikia ni dalili ya sikio linalofanya kazi. Miaka zaidi ya sabini baadaye jeshi la majini la Marekani na shirika la anga la NASA walilirudia wazo hilo. Waliwachukua wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet, wengi wao wakiwa wameugua homa ya uti wa mgongo utotoni, wakawapeleka kwenye bahari iliyochafuka. Watafiti walitapika. Viziwi waliendelea kucheza karata.

Kipimo cha kwanza cha kisayansi cha sikio moja peke yake kilitokana na malalamiko ya wagonjwa. Robert Bárány, daktari kijana wa masikio mjini Vienna, alikuwa akisafisha masikio kwa maji, na wagonjwa wakimwambia kwamba wanaona dunia inazunguka. Alipowatazama machoni aliona macho yakichezacheza upande mmoja maji yakiwa baridi, na upande wa pili maji yakiwa ya moto. Akaelewa kwamba joto na baridi huyafanya majimaji ya mfereji yapande au yashuke, na ubongo ukadhani kichwa kinazunguka. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, habari zikamkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Mwaka 1942 Fitzgerald na Hallpike, huko Uingereza, waliuweka utaratibu unaofuatwa hadi leo: maji ya nyuzi 30 kisha ya nyuzi 44, sikio moja moja.

Kipimo hicho ni kizuri kwa mtu mzima anayejua kwa nini anateswa. Kwa mtoto wa miaka mitatu, nasema waziwazi, sioni sababu ya kukianza. Maji yanaingizwa sikioni, miwani myeusi iko usoni, dunia inazunguka, tumbo linachafuka. Mtoto akishapitia hayo katika sikio la kwanza, hakuna wa kumshika kwa la pili, na siku nyingine akiliona tu jengo la hospitali atalia. Mtoto mgonjwa anaweza kuvumilishwa kwa sababu matibabu yake yanategemea jibu. Mtoto mwenye afya, aliyeletwa ili awe kipimo cha wenzake, haimpasi.

Ndiyo maana wataalamu wa watoto wamehangaika kutafuta njia nyingine, na hapa kazi yao ni ya kupendeza kweli. Iko ya kiti kinachozunguka. Mtoto hupakatwa na mama au baba yake ndani ya kibanda chenye giza, kiti kikaenda taratibu kulia na kushoto, na kamera inayoona gizani ikayafuata macho ya mtoto. Kichwa kikienda kulia, macho yenye sikio zima nyuma yake huenda kushoto kwa kiasi kilekile. Mtoto hana la kufanya isipokuwa kubaki macho, wala si lazima aelewe maelekezo. Mzazi huimba au huzungumza naye gizani ili asiogope, na hilo lina faida ya pili: mtu aliyesinzia macho yake hayajibu vizuri, kwa hiyo wimbo unamliwaza na kumweka macho. Kasoro ya kiti ni kwamba kinapima masikio mawili kwa pamoja, na bei yake ni kubwa.

Umuhimu wa macho kukiitikia kichwa hauonekani mpaka uitikiaji huo upotee. Mwaka 1952 daktari mmoja Mmarekani, aliyepoteza msawazo wake wote kwa dawa ya streptomisini, aliandika katika jarida la kitabibu jinsi maisha yalivyokuwa. Ili asome akiwa kitandani ilimbidi akibane kichwa chake kwenye nondo za kitanda, maana hata mapigo ya moyo yaliyafanya maandishi yarukeruke. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye hali hiyo hajui kwamba maandishi ya wenzake hayaruki. Huambiwa hasomi kwa bidii.

Uitikiaji huo wa macho hupimwa pia kwa kugeuza kichwa kwa ghafla. Halmagyi na Curthoys wa Sydney walieleza mwaka 1988 kwamba daktari akikishika kichwa cha mgonjwa na kukigeuza kidogo lakini kwa kasi, huku mgonjwa akikazia macho puani pa daktari, macho ya mtu mwenye sikio zima hubaki pale pale puani. Ya mwenye sikio lililokufa huenda na kichwa, kisha hurukia nyuma kulitafuta lengo. Baadaye kamera ndogo zenye kasi ziliwekwa kwenye miwani ili ziyaone hata marukio ambayo jicho la daktari haliyaoni. Miwani hiyo, hata hivyo, ilitengenezwa kwa uso wa mtu mzima. Juu ya pua ndogo ya mtoto inateleza, na miwani iliyoteleza huandika uongo kwenye kompyuta. Katika hospitali ya watoto ya Robert-Debré mjini Paris, Sylvette Wiener-Vacher na wenzake wakatumia kamera inayokaa mbali na uso, juu ya kinara, mtoto akiwa amepakatwa na mzazi na kutazama picha za kuchekesha. Kwa njia hiyo wameweza kuwapima hata vichanga wa miezi mitatu. Mtu akitazama vipimo vya watoto wenye afya vilivyopatikana hivyo, ataona kwamba macho ya mdogo kabisa hayakifidii kichwa kikamilifu kama ya mtu mzima. Uwezo hupanda katika miaka ya mwanzo. Daktari asiye na hesabu hizo, akishika viwango vya watu wazima mkononi, atawaandikia ugonjwa vichanga wengi wasio nao.

Kipimo ninachokiona kuwa na uzito zaidi kwa watoto wadogo ni kile cha sakula. Sakula, ingawa ni ya msawazo, bado hushtuliwa na sauti kubwa, na ikishtuka hupeleka amri kwenye msuli mrefu wa shingo, ule unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, ulegee kwa kitambo kifupi mno. Colebatch na Halmagyi waliuonyesha ukweli huo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Elektrodi hubandikwa shingoni, sauti fupi nzito hupigwa, na kompyuta hujumlisha majibu mengi mpaka umbo la wimbi lionekane. Kwa mtu mzima kilele cha kwanza hutokea kwenye milisekunde 13 hivi. Kwa mtoto huwahi kidogo, kwa sababu shingo yake ni fupi na habari haina safari ndefu.

Ugumu ni kuufanya msuli huo ukaze, maana msuli uliolegea hauna cha kulegeza. Mtu mzima huambiwa ainue kichwa na kukigeuza. Mtoto mchanga hulazwa mapajani pa mama, kichwa kikining'inia kidogo, na mtu mwingine huchezesha mwanasesere upande mmoja. Mtoto akimfuata kwa macho na kichwa, shingo hukaza yenyewe. Inabidi kazi imalizike kabla mwanasesere hajachosha. Nimesoma ripoti nyingi za kitaalamu zenye majedwali ya hesabu na michoro, na kila mara huwaza juu ya yule mtu mwenye mwanasesere, ambaye ripoti haimtaji, na bila yeye hakuna wimbi lolote.

Hapa pana jambo zito la usalama. Sauti inayotumika hufika karibu desibeli 120, kiwango cha kuumiza masikio isipodhibitiwa. Tundu la sikio la mtoto ni dogo, na sauti ileile ikiingia kwenye nafasi ndogo hufika kwenye kiwambo ikiwa na nguvu zaidi kuliko kwa mtu mzima. Kumpima mtoto mwenye masikio mazuri kwa mlio unaoweza kuyaharibu ni kitendo kisichokubalika, hata kama taaluma inahitaji takwimu. Wataalamu makini hupunguza nguvu na idadi ya milio, au huacha kabisa kuipitisha hewani na kuweka badala yake kifaa cha kutetemesha mfupa nyuma ya sikio. Njia ya mfupa ina faida nyingine: haisumbuliwi na majimaji yaliyojaa nyuma ya kiwambo, ambayo ni ya kawaida mno kwa watoto wenye mafua.

Na mafua hayo yanaleta swali ambalo wasomaji wengi hawatarajii kulikuta. Mtoto mzima ni nani? Wazazi hujitolea, wanasema mtoto wao hana tatizo, na wanaamini hivyo. Kumbe wiki iliyopita alikuwa na mafua na sikio la kati bado limejaa maji, na maji hayo peke yake yanaweza kumyumbisha na kuzuia sauti. Kwa hiyo kabla ya kumwita mzima, mtafiti humpima usikivu, humwangalia kiwambo na mgandamizo wa sikio la kati, humuuliza mama kama mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, kama amewahi kuumia kichwa, kama katika ukoo kuna kipandauso, maana kipandauso cha watoto mara nyingi hujitokeza kwa kizunguzungu kabla ya kuumwa kichwa. Wengine huondolewa hapo mlangoni. Kazi hii haina sifa wala haionekani, lakini kiwango kilichojengwa juu ya watoto wasiochunguzwa ni afadhali kisingekuwapo.

Vipimo vyote hivyo vinajibu swali la kwanza, la kiungo. La pili, la kukitumia, hujibiwa kwa kumsimamisha mtoto.

Rahisi kuliko yote ni mguu mmoja. Mtoto wa miaka mitatu husimama kwa mguu mmoja sekunde 2 hivi, wa minne karibu 5, wa mitano karibu 10. Mwalimu wa chekechea anaweza kulifanya hilo uwanjani kwa saa ya simu yake. Walakini hesabu hizi ni za wastani, na afya ni pana. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuata watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, hawa wa mwisho wakiwa wa mjini Muscat, na ukakuta kwamba mtoto asiye na kasoro huanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8.2 na 17.6. Zaidi ya miezi tisa imetenganisha wa kwanza na wa mwisho, na wote ni wazima. Mama anayelinganisha mwanawe na wa jirani angefarijika sana kuijua hesabu hiyo.

Maabara zenye uwezo hutumia jukwaa la kompyuta lililotokana na kazi ya Lewis Nashner. Mtoto hufungwa mkanda wa kumkinga asianguke, kisha husimama katika hali sita, sekunde 20 kila mara. Kwanza macho wazi, kisha macho yamefumbwa, kisha kuta zinayumba pamoja naye ili macho yadanganyike, kisha jukwaa linainama pamoja naye ili nyayo zidanganyike, kisha jukwaa linainama vilevile macho yakiwa yamefumbwa, na mwisho kuta na jukwaa vyote viwili. Katika hali mbili za mwisho hakuna msema kweli aliyebaki ila sikio la ndani.

Anne Shumway-Cook na Marjorie Woollacott walipowapima watoto wenye afya mwaka 1985, walikuta jambo ambalo mzazi yeyote angelidhania kuwa ni kosa la mashine. Watoto wa miaka 4 hadi 6 walijibu kwa kuchelewa na kwa kubadilikabadilika kuliko hata watoto wadogo zaidi yao. Wa miaka 7 hadi 10 walikaribia watu wazima. Maelezo yanayokubalika ni kwamba katika umri huo wa kati mtoto huanza kuacha kuyategemea macho peke yake na kujifunza kupima ushahidi wa macho, nyayo na sikio kwa pamoja. Mfumo unapojengwa upya, huyumba. Tafiti nyingine zinaonyesha kwamba ujuzi wa kutegemea sikio macho yanapodanganya huendelea kukomaa hadi kwenye ujana, karibu miaka 15. Kwa maneno mengine, mtoto wa miaka mitano anayeanguka katika hali ya tano ya jukwaa huenda hana lolote isipokuwa miaka yake mitano.

Wasio na jukwaa wana sponji. Shumway-Cook na Fay Horak walieleza mwaka 1986 jinsi ya kufanya kazi ileile kwa kipande kinene cha sponji na saa ya kuhesabu sekunde: sponji huzichanganya nyayo, kufumba macho huyaondoa macho, na sikio hubaki peke yake. Naamini kwamba kwa zahanati na shule zetu hiki ndicho chombo cha kwanza kununuliwa. Lakini tahadhari moja ni ya lazima. Mtoto wa kilo 15 hazamishi sponji kama mtu wa kilo 70 anavyoizamisha, kwa hiyo sponji ichaguliwe mara moja, ngumu au laini, na isibadilishwe katikati ya kazi. Viwango vilivyochukuliwa kwenye sponji moja havihamii kwenye nyingine, wala viwango vya watoto wa nchi moja havipaswi kuaminiwa kwa watoto wa nchi nyingine kabla ya kujaribiwa.

Namna ya kumpima mtoto ina uzito sawa na mashine yenyewe. Asiwe na njaa, asiwe na usingizi, kipimo cha kuchukiza kije mwisho. Mtoto wa miaka mitano aulizwe, akikataa aachwe. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo madaktari wa dunia wanalifuata katika utafiti, linamweka mtu mbele ya faida ya sayansi. Kwa mtoto mwenye afya kanuni hiyo ina uzito wa ziada, kwa sababu yeye hapati chochote. Ameitoa asubuhi yake kwa ajili ya mtoto mwingine asiyemjua.

Na huyo mtoto mwingine yupo. Katika jimbo la Flanders nchini Ubelgiji, tangu mwaka 2018, hospitali ya Chuo Kikuu cha Ghent imesimamia mpango wa kumpima kila mtoto aliyegundulika kuwa na upungufu wa kusikia. Anapofika miezi sita, sakula yake hupimwa kwa njia ya mfupa. Mpango kama huo usingewezekana kama vichanga wazima wasingepimwa kwanza ikajulikana wimbi lao lina sura gani. Watoto wanaokutwa bila msawazo hupelekwa mapema kwa wataalamu wa fiziotherapia, ambao huufundisha ubongo kuyatumia macho na nyayo kufidia.

Afrika Mashariki hatukosi sababu za kufuata mfano huo. Homa ya uti wa mgongo bado inawapata watoto wetu. Gentamisini hutolewa kila siku kwa vichanga wenye maambukizi, na inaokoa maisha. Lakini ni dawa inayoweza kuziua seli za msawazo, na hospitali inayoitoa inapaswa kujua hali ya mtoto baadaye. Wako pia wanaozaliwa na ugonjwa wa kurithi wa Usher wa aina ya kwanza: viziwi tangu kuzaliwa, wanachelewa kutembea kwa sababu hawana msawazo, na baadaye kidogo kidogo hupoteza uwezo wa kuona usiku. Kwa mtoto wa aina hii kuchelewa kutembea ni onyo la mapema kuhusu macho yake, na onyo hilo hupotea bure anapoambiwa ni mzito tu.

Kwa wanaoishi pwani na kandokando ya maziwa kuna hatari nyingine. Mtoto asiye na msawazo wa sikio huijua juu kwa macho na kwa miguu. Akipiga mbizi kwenye maji machafu, au magharibi giza likiingia, miguu haigusi kitu na macho hayaoni kitu, anaweza kuogelea kuelekea chini akidhani anapanda. Shule za viziwi zilizo karibu na maji, na wazazi, wanastahili kulijua hili kabla ya mtoto kuingia majini, na asiogelee bila mtu mzima kando yake.

Ninawaomba walimu wa chekechea, wauguzi wa kliniki za watoto na vyuo vyetu vya tiba waanze na kilichopo: saa, sponji, mguu mmoja, daftari lenye umri wa kila mtoto. Na wewe mzazi wa mtoto kiziwi aliyechelewa kukaza shingo na kuchelewa kutembea, usikubali kuambiwa kwamba uziwi ndio uliomchelewesha. Kiziwi mwenye msawazo mzima hutembea kwa wakati kama wenzake. Omba msawazo wake nao upimwe.